Nilipumzika Tu, Sikufa

Ghorofa ya Sita, Mlango wa Kijani,
Nyumba Yenye Lifti Isiyopanda,
Mji wa Kando ya Bahari.
Jumatatu, tarehe 19.

Mpendwa mdogo wangu Kengele,

Naipokea shikamoo yako, ingawa najua hujaitoa. Marahaba.

Hujambo lakini? Magoti yako je, yale yanayojua mvua kabla ya redio? Lile jino la nyuma bado lipo, au limeona aibu likajing'oa lenyewe? Na kifua? Kifua ndicho ninachokuuliza kwa dhati, hayo mengine ni adabu ya barua.

Mimi sijambo. Narudia, sijambo: nakula, natembea, na chooni naenda bila kushikwa mkono. Nayasema yote haya kwa kirefu kwa sababu nasikia huko nyumbani bado kuna watu wanaolitaja jina langu kwa sauti ya chini.

Barua nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unaukumbuka mwandiko wangu, ule ambao mwalimu wetu alisema ni wa kuku aliyekanyaga wino akiwa na safari. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililipenda nikalisoma mara mbili. Basi ukiona herufi zinapanda mlima ujue ni mimi kweli. Wafu huandikiwa na watu wenye mwandiko mzuri.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nife, na wewe hujanipigia simu. Wote wamepiga, hata yule binamu yetu kiziwi, ambaye alipiga, akasema yake, akakata. Wewe kimya. Na mimi nina jambo moja la kukuomba, ngoja nilitaje hapahapa kabla sijaingiwa na woga. Nataka kurudi nyumbani, kwenye chumba changu. Binti yangu ameridhia, ila ameweka sharti kwamba wewe uridhie kwanza. Basi nimelisema. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua umeelezwa na mwanao, na mwanao akieleza kitu hukitia chumvi mpaka hakiliki.

Ilikuwa Alhamisi. Binti yangu, huyu wa pekee ambaye marehemu wifi yako aliniachia na sura yake yote na ubishi wake wote, aliomba ruhusa kazini siku nzima ili anipeleke ufukweni. Kazi yake unaijua. Anapokea simu kwenye kampuni inayotengeneza lifti. Mtu akikwama ndani anabonyeza kitufe, na sauti inayomwambia atulie ni ya binti yangu. Amezoea kuwaambia watu watulie. Sisi wenyewe lifti ya nyumba yetu imekufa tangu mwaka jana, na hiyo hakuna aliyeililia.

Tangu nije huku, miaka miwili sasa, neno lake kwangu ni lilelile: Baba, pumzika. Nikishika ufagio, Baba, pumzika. Nikitaka kufumua mto wake uliobonyea niujaze upya, Baba, mito siku hizi inanunuliwa, pumzika. Asubuhi anaondoka ananiacha nimepumzika, jioni anarudi ananikuta nimepumzika. Nimeshona magodoro miaka arobaini na miwili, nimelaza nusu ya watu wa kwetu, wazima kwa wagonjwa, wenye ndoa na wasio nayo, na sikujua kwamba kulala kutwa ni kazi ngumu namna hii.

Anafanya kwa mapenzi. Usimseme.

Mji wenyewe si mbaya, nisije nikausingizia. Una kelele nzuri. Kila duka lina muziki wake na kila muziki unamtukana mwenzake. Pale ufukweni watu wamejaa kama siku ya kupiga kura, ila hawakuvaa. Kuna wanawake wa rika lako kabisa, mdogo wangu, wanarukaruka mchangani wakimfuata kijana mwenye filimbi, wanasema ni mazoezi. Nikakuweka wewe katikati yao kwa mawazo, na hilo gauni lako la kudekia, nikacheka peke yangu. Binti yangu akanitazama kama mtu aliyeona dalili.

Alinikodia kitanda. Ndiyo, huko watu hukodi kitanda mchana kweupe, cha plastiki, chini ya mwavuli, na juu yake kigodoro. Kabla ya kukaa nikakipima kwa kidole gumba kama kawaida yangu. Kidole kikagonga plastiki hata sijabonyeza vizuri. Nikakigeuza. Sponji iliyokatwakatwa kwa haraka, mshono wa mashine pembeni, na katikati hakuna kifundo hata kimoja cha kushikilia, kwa hiyo kila kilichomo kimekimbilia miguuni. Nikamwita mwenye miavuli nikamwonyesha. Nikamwambia anipe sindano ndefu na uzi wa katani, mpaka saa sita nitakuwa nimemfungia vifundo magodoro yote ishirini, bure, kwa kujifurahisha tu. Akaniwekea mkono begani kwa upole, akasema, "Mzee wangu, wewe jilaze upumzike."

Nikajilaza. Ningefanya nini.

Sasa sikiliza mkosi ulivyojipanga. Jua likaniletea usingizi. Binti yangu akanifunika taulo jeupe mpaka kifuani nisiungue. Kofia akanivua. Mikono nilikuwa nimeikunja juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo, unajua nilivyo nikilala. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipitishia jani puani tulipokuwa wadogo. Hapo ndipo alipopiga picha. Akaituma kwenye lile kundi la ukoo kwenye simu, na chini yake akaandika, kwa furaha ya mtoto aliyemtendea baba yake jambo jema: "Hatimaye baba yetu amepumzika. Tumshukuru Mungu kwa yote."

Msomi huyo. Amevaa joho, tukapiga makofi. Hakuna aliyemwambia huko chuoni kwamba mtoto mchanga hupumzika, na mcheza mpira hupumzika, lakini mzee wa miaka sabini na nne akiandikwa amepumzika watu hutafuta sepetu.

Na afadhali angeiacha simu ipatikane. Dakika hiyohiyo wakampigia kutoka kazini: kuna mtu amekwama kwenye lifti, na mwenye zamu hajulikani alipo. Akaniachia maji na mkate, akamwomba mwenye miavuli anitupie jicho, akakimbia. Njiani simu ikaisha chaji. Kwa hiyo huko nyumbani mkabaki na picha ile, na maneno yale, na simu isiyoita.

Mimi nilikuwa nakoroma.

Nilipoamka taulo lilikuwa limeanguka na sikumwona mtu ninayemjua. Nikakunja suruali nikatembea kandokando ya maji. Huku wanaheshimu wazee mpaka inachosha. Kila anayepita, shikamoo mzee; ukisema marahaba na kufungua mdomo kwa la ziada, ameshafika mbali. Niliketi kwenye benchi penye mama mmoja, akasogeza mkoba wake, akatabasamu, akainuka. Kijana mmoja nilimsimulia habari ndefu ya magodoro ya hospitali, akawa anatikisa kichwa vizuri sana, kumbe ana vitu masikioni anasikiliza muziki.

Maharusi wawili wakaniomba niwapige picha. Nikafurahi kupewa kazi. Nikapiga tatu. Baadaye nikamwona bibi harusi akizitazama: viatu vilitoka vizuri mno.

Mtu wa pekee niliyezungumza naye siku ile alikuwa mzee mwenzangu. Amevaa tai, viatu kavishika mkononi, amesimama mchangani kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Nikamwuliza, "Wewe umekuja au umeletwa?"

Akanitazama. "Nimeletwa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi."

Tukacheka mpaka tukashikana. Nikamkalisha kwenye kigodoro changu kibovu. Alikuwa mgonga mihuri posta, miaka thelathini na kitu. Akanieleza kwamba zamani alikuwa akijua barua ya mapenzi kwa kuinusa, na ya kudai talaka kwa uzito wake. Siku hizi, alisema, hakuna kitu, watu wanatumiana vidole gumba. Akaniuliza barua ya mwisho mimi nilimwandikia nani. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Akaniona, akabadilisha mazungumzo, mtu mstaarabu. Tulikuwa ndio kwanza tunaanza kudanganyana habari za ujana wetu dereva wa mwanawe alipokuja kumchukua, na haikuwa hata saa kumi. Jina sikumwuliza.

Basi nikabaki nimekaa. Mpira unapita, watoto wanapiga kelele, watu wanacheka, mtu mzima na ndevu zake kafukiwa mchangani mpaka shingoni na anafurahi. Mdogo wangu, sijawahi kuona watu wengi namna ile mahali pamoja, na katika wote hapakuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia, unakumbuka. Si kwamba ni wabaya. Hawana cha kukumbuka na mimi.

Binti yangu alirudi mbio, jasho linamtiririka, anaomba radhi. Mwenye miavuli akatuchajia simu kwenye kibanda chake. Simu ikafufuka, ndiyo ya kwanza kufufuka siku ile, ikaanza kutetemeka haiachi. Aliyewahi ni mwanao. Binti yangu aliposikia kilio akachanganyikiwa, akanisukumia mimi. Nikasikia viti vinaburutwa, na watu wengi wanaongea polepole, na mama mmoja analia kwa mbali. Nikafikiri ni wewe. Naapa nilifikiri ni wewe.

Nikauliza, "Nani amekufa?"

"Wewe, mjomba," akasema.

Nikamwambia sijaarifiwa.

Akaiangusha simu. Ilipookotwa ndipo nikasimuliwa yote. Kwamba kinyozi alilia hadi akaketishwa, yeye aliyekuwa akiniambia kichwa changu kina pembe. Kwamba seremala alishaanza kukata mbao kwa vipimo vya kukisia, na amekisia mfupi. Mwambie hilo limeniuma kuliko kufa kwenyewe. Kwamba viti vimekopwa mpaka shuleni. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza, na mama yako?

"Mama hajalia," akasema. "Kaingia chumbani kwako kajifungia. Tunamsikia anakohoa tu."

Hapo nikajua. Katika chumba kile kilichofungwa miaka miwili hakuna cha kumkohoza mtu ila gunia langu la sufi ya kujazia magodoro, na gunia lile nililifunga mdomo kwa kamba mwenyewe, mafundo matatu. Kwa hiyo kuna mtu alikaa chini akayafungua.

Wakaja kukugongea wakakwambia nipo hai. Nilikuwa bado nimeshika simu, nikakusikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Mwambieni nina kazi." Basi. Na kutoka siku ile mpaka leo.

Tuliachana vibaya, tusifichane, sote wawili tumekula chumvi nyingi. Sufi ilikuwa kwenye sufuria, kwenye nywele zako, kwenye mashuka. Daktari alikukataza vumbi, ukaniomba nihamishie kazi nje. Uliomba kwa adabu, mara ya kwanza na ya pili. Mimi nikakwambia nyumba hii ni ya baba yetu, na sufi hiyo unayoipigia kelele ndiyo iliyokusomesha wewe. La pili lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Ndipo ukasema niende nikapumzike kwa mwanangu, na wewe upumzike. Kesho yake nikafunga mzigo, na gunia nikaliburuta nikaliacha katikati ya chumba, makusudi, ili kila ukipita ulione.

Miaka miwili nimewaeleza watu wa huku kwamba dada yangu alinifukuza. Si kweli. Uliniomba nitoe gunia nje. Mimi nikajitoa mwenyewe, gunia nikaliacha ndani. Mtu wa darasa la nne mara mbili angepaswa kujua tofauti.

Jioni ile tulipanda ngazi. Ghorofa ya nne huwa nasimama, nashika ukuta. Nikamwambia binti yangu palepale kwamba nataka kurudi kwetu. Akaketi kwenye ngazi na kikapu chake. Akaniuliza, "Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," nikasema. "Umenipumzisha mpaka watu wamekuja kunizika."

Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kingine, nikakaa naye. Majirani wakatupita, shikamoo mzee, marahaba. Alipojifuta akawa mama yake kabisa, kidole juu. Akasema, "Sitakupeleka ukamkalie shangazi kifuani. Akikukubali mwenyewe, kwa maneno yake, nitakuleta mpaka mlangoni. Asipokubali utabaki kwangu, na sitaki ubishi." Sikubishana. Mara ya mwisho kutobishana ilikuwa siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo sikiliza, nasema haya nikiwa na akili zangu. Gunia litoke. Mwambie mwanao alibebe leo, asingoje mimi, alipeleke kwenye lile banda la nyuma tulilokuwa tukifugia kuku. Kazi nitaifanyia huko, mlango wa upande wa pili ukiwa wazi, upepo usije kwenu. Jioni nitakung'uta nguo na kuoga kabla sijavuka kizingiti, na wewe simama hapo na ufagio unikague. Na kama daktari atasema hata hilo ni baya, sindano nitaiweka chini kabisa. Nitakaa bure kama ninavyokaa huku. Ila nitakaa bure mahali ninapojulikana.

Sikuulizi mle ndani ulikuwa ukifanya nini na sufi yangu. Kama ulikuwa unanijazia godoro la kunilazia, nakusikitikia, maana vifundo hujawahi kuviweza, na ningelala nimeinama upande mpaka siku ya kufufuliwa. Lakini ulikohoa. Ulijua utakohoa, ukafungua.

Nisalimie mwanao, mwambie simu ni ya kuongelea, si ya kuangusha. Mkwe wako mpe salamu za pekee, nasikia alipika chakula cha watu wote wale na msiba ukamkimbia. Kinyozi mwambie machozi yake nimeyapokea, anaweza kuendelea kunitukana. Seremala mwambie mbao zile atengenezee benchi la shule. Binamu kiziwi usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe kwa kelele. Binti yangu anakuamkia, na anaomba radhi kwa lile neno. Tangu siku ile hajaandika neno lolote kwenye kundi bila kunisomea kwanza.

Mungu akufungulie kifua hicho, akupe pumzi ya kutosha kupanda na kushuka na kugombana na watu wa nyumba nzima kwa siku moja.

Jibu sasa ni lako. Kama hunitaki, niandikie kwa adabu. Ukianza na "Mpendwa kaka", nitaelewa, nitaikunja karatasi, na sitakusumbua tena. Nitabaki huku na hawa wa shikamoo mzee. Kama unanitaka, usijikaze kuliandika hilo, najua halitatoka, hata mimi halikunitoka mpaka nilipokufa. Niandikie tusi moja tu, la kwetu, la tulipokuwa wadogo, kubwa kiasi unachoweza. Huku hakuna mtu anayeniona vya kutosha kunitukana. Nitaanza kufunga mzigo kabla sijafika kwenye nukta.

Wako akupendaye, ingawa hujawahi kunisikia nikisema,

Kaka yako,
Fundi.